Mkebe Unaonuka Siki

Hilary alikuja kuuza, si kupendwa. Ukumbi ule wa mji wa Leeds, Uingereza, ulijaa wakusanyaji wa filamu kuukuu, wanaume wa makoti ya kahawia wakipekua mikebe kama wanaochagua nyanya sokoni. Yeye alikuwa na mkebe mmoja tu, ameukumbatia.

"Dada, hiyo usiuze!" Mwanamume mwenye tai iliyopinda alisoma jina la filamu ubavuni mwa mkebe, nusura amwage chai. Jina lake Alun. "Nimeitafuta miaka! Vita vimekwisha, mjane anasubiri treni... Ilioneshwa wiki moja ikasahaulika. Wasioijua hawaitaki, sisi tunaoijua hatulali."

"Marehemu mama yangu anapita humo na ndoo. Ukipepesa macho humwoni."

"Basi sitapepesa."

Yakaanza hivyo. Kila Jumamosi walikaa kwa Alun, mashine ya kuonyeshea filamu ikinguruma, mama akipita na ndoo yake, na Hilary, mpweke tangu amzike, akaanza tena kucheka. Hata mkebe akauacha huko.

Siku moja akaukuta bandani, juu ya gunia la mbolea, paa likivuja.

"Umemtupa mama yangu huku?"

"Unanuka siki, mpenzi. Filamu ikinuka hivyo inaoza, tena inaambukiza. Sisi wakusanyaji tuna sheria: mgonjwa halali na wazima."

"Si ungeniambia!"

"Niliogopa utalia."

"Na sasa nafanya nini?" Akaubeba mkebe wake, huyo akaenda zake.

Majira ya baridi yalikuwa marefu. Hilary alikula chipsi peke yake mbele ya kabati lenye mkebe, na kila aliponyunyiza siki, machozi yalimtoka. Heri asingeonja kupendwa. Simu za Alun aliziacha zilie tu, mpaka Jumapili moja akashindwa, akapokea.

"Nifungulie, nalowa."

Alun alisimama kizingitini na mkebe kifuani, ule alioupenda kuliko yote, ambao hata Hilary hakuruhusiwa kuugusa. Akapita moja kwa moja hadi kabatini, akausukuma ndani ukagusana na wa mama.

"Wewe una wazimu? Utaambukizwa huo!"

"Uambukizwe! Nyumbani kwangu kila kitu ni kizima, Hilary, na hakuna hata mmoja wa kuniuliza nimekula nini."

Hilary alimtazama, maji yakichuruzika kwenye tai yake iliyopinda. Akanyoosha mkono, akaiweka sawa.

"Haya," akasema, "umekula nini?"