Mafuta Hayapendi Joto

Katika soko lote la Chillán, mji wetu huu wa Chile, hakuna anayenusa mapenzi mapema kama mimi. Nimetabiri ndoa kumi na tisa. Zilizofungwa ni mbili, na moja ilikuwa yangu mwenyewe, ikanishinda mwaka wa tatu. Lakini hii ya Edelmira niliiona tangu siku ya kwanza, maana nauza soseji meza ya pili na masikio yangu bado mazima.

Ilikuwa Ijumaa ya Aprili, soko limefurika. Edelmira, mwanamke wa miaka arobaini na minne, alisimama ndani ya sweta lake la kijani akijikuna vidole. Vinyweleo vya ndani ya tunda la mosketa, lile waridi mwitu la vichakani, vinawasha kama upupu, naye alikuwa ametoka kupasua magunia mawili apate mbegu za kukamua mafuta anayouza. Alichoka mpaka kivuli chake kilichoka. Dada yake alikuwa amemwita wakaishi wote Santiago, naye Edelmira alikuwa ameahidi kufunga meza mwisho wa Juni aende zake.

Akatokea mwanamume mwenye unga kwenye nyusi. Huyo ni Nibaldo, mwoka mikate, anayeanza kazi wenzake wakiwa bado wanaota. Akakunja mkono wa shati: kovu jekundu la tanuri, kutoka kiwiko mpaka karibu na kiganja.

"Mama, una dawa ya hili?"

"Mama yako yuko nyumbani. Kidonda kimefunga?"

"Kimefunga, dada. Nisamehe."

"Afadhali, maana mafuta haya hayapakwi kwenye kidonda kibichi." Akafungua chupa nyeusi, akamdondoshea matone mawili, rangi kama chai ya rangi. Akayasugua polepole kuliko ilivyohitajika, nilikuwa natazama. "Unaona yanavyozama? Hayanati. Humu mna asidi za mafuta ambazo mwili haujitengenezei, linoleiki na linoleniki, na chembe ya jamaa wa vitamini A. Ndizo zinazolainisha ngozi."

"Na vitamini C?"

"Hiyo hubaki kwenye nyama ya tunda, itafute kwenye chai. Anayekwambia imo humu anakuuzia maneno. Na kovu halifutiki, linafifia tu, tena kwa miezi. Sasa sikiliza: chupa iweke penye baridi na giza, maana... Kaka? Kaka!"

Kaka alikuwa amelala wima kama farasi.

Tangu hapo kila Ijumaa akaja, mkate wa moto chini ya koti, mkono mbele ukaguliwe. Na simu za usiku zikaanza, nami Edelmira alinisimulia kila neno.

"Umelala?"

"Nimelala. Anayeongea ni mto."

"Basi mto, mwambie Edelmira nimemkumbuka."

"Anasema ulale, mzee wa unga, utaunguza na mkono wa pili."

Ijumaa moja ya Juni Edelmira akauinua ule mkono, akanusa. Harufu ya samaki wa juzi, na ya mlango uliopakwa rangi. Uso ukamgeuka.

"Haya si mafuta yangu."

"Ni yako, mpenzi, naapa."

"Yangu yananukia mbao mbichi! Umekwenda kwa yule muuzaji wa ng'ambo ya soko anayechanganya mafuta. Mtu wa kunidanganya kwenye mafuta atashindwa nini kunidanganya kitandani?"

Nibaldo alikuwa amechoka mno asiweze kubisha, na Edelmira amechoka mno asiweze kungoja abishe. Nibaldo akaondoka na mkate wake. Simu za usiku zikakoma.

Mwisho wa Juni nikamsindikiza Edelmira kituo cha mabasi, nikimbebea sanduku dogo na umbea wangu. Nibaldo akaja mbio, aproni kiunoni, chupa mkononi. Nani alimwambia saa ya safari? Msiniangalie mimi.

"Inuse," akasema, anahema.

Lebo ilikuwa ya mwandiko wa Edelmira mwenyewe. Akanusa, akakunja pua.

"Uliiweka wapi?"

"Rafuni. Juu ya tanuri."

"Juu ya tanuri! Mafuta haya hayavumilii joto, yanaharibika! Si nilikwambia?"

"Nilikuwa nimelala." Akainamisha kichwa. "Mimi kitu nikikithamini nakiweka penye joto. Chachu, unga, paka wa mama yangu. Na wewe nilitaka nikuweke hapohapo. Nikuoe, Edelmira. Nimechoka kula mkate wangu peke yangu."

Edelmira alikalia sanduku, akaegemeza kichwa kwenye ile aproni, nywele zikajaa unga. Hapo simu yake ikalia. Dada yake, kutoka Santiago.

"Umeshapanda?"

"Aa, dada, nimekwama mwenzio. Mabasi yote yamejaa. Hata kiti kimoja hakuna. Labda wiki ijayo, au..."

Nyuma yake kondakta akapaza sauti: "Santiago! Santiago! Viti kumi na vinne, basi tupu, akina mama pandeni!"

Edelmira akaziba simu kwa kiganja, lakini alichelewa.

"Edelmira," dada akasema, "huyo anayepiga kelele ni nani?"