Matamvua ya Mkeka wa Harusi

Kila akitoka shule, Ulamila alikula muhogo wa kuchemsha upesi upesi, kisha akaenda kukaa karibu na bibi yake, Bibi Sereana. Kijiji chao kilikuwa nje kidogo ya mji wa Savusavu. Wiki ile wanawake walikusanyika nyumbani kwake kusuka mikeka ya majani ya mkadi, kwa sababu Jumamosi Shangazi Miliana angeolewa.

Mkeka mkubwa wa bibi harusi ulikuwa umekwisha kusukwa. Kilichobaki ni kushona matamvua ya sufu nyekundu kuzunguka ukingo wake wote. Mkeka mdogo wa umbo lile lile ulikuwa tayari, na ulikula mabonge mawili ya sufu. Kila upande wa mkeka mkubwa ulikuwa mara mbili ya upande wa ule mdogo.

"Yamebaki mabonge manne," alisema Bibi. "Yatatosha kweli?"

Ulamila alidakia. "Hayatoshi, Bibi! Mkeka mdogo unaingia mara nne ndani ya mkubwa. Mbili mara nne ni nane."

"Ehee, msomi wetu!" wanawake walimsifu.

Bibi aliinuka. Sufu nyekundu ilikuwa imekwisha madukani, na mkeka wa bibi harusi haupelekwi kwa wakwe na matamvua nusu. Aliingia chumbani, akatoka na mkeka ambao yeye mwenyewe aliolewa nao. Matamvua yake yalikuwa bado mekundu.

"Tutafumua haya."

"Mama, usifumue huo!" Miliana alilia.

"Mimi nimeshaolewa, mwanangu. Nani atanirudisha kwetu?"

Wote walicheka. Bibi naye alicheka, lakini mkono wake ulikuwa ukiupapasa ule mkeka. Kisha akachukua mkasi.

Apisai, binamu yake Ulamila, alikuwa akiingiza nazi. "Nane?" alisema. "Ulipima na nini, wewe? Na tumbo?"

"Njoo nikuonyeshe, kichwa cha nazi!"

Ulamila aliutandaza mkeka mdogo juu ya mkubwa, kwenye pembe. Akausogeza pembe ya pili, ya tatu, ya nne. "Umeona? Mara nne!"

"Nimeona," Apisai alijibu, akionyesha katikati ya mkeka. "Sasa na hapa mtashona matamvua? Ya kuwatekenya wageni wakikaa?"

Wanawake waliangua kicheko. Ulamila hakucheka. Aliangalia tena. Kila mara alipouweka mkeka mdogo, pande zake mbili tu zilikaa ukingoni. Mbili nyingine ziliangukia ndani, mahali ambapo hakuna anayeshona kitu.

Uso ulimwaka moto. Angeweza kunyamaza, maana wote walikuwa wameshamwamini. Lakini mkasi ulikuwa tayari umekata uzi wa kwanza.

"Bibi, acha! Nimekosea. Nilihesabu mahali pa kukalia, badala ya ukingo. Ukingo ni mara mbili tu. Manne yanatosha!"

Bibi aliweka mkasi chini. Walishona mpaka Ijumaa jioni, na bonge la nne lilipokaribia kwisha, matamvua yalikuwa yamezunguka mkeka wote, na kipande cha uzi kikabaki. Ulamila alikitumia kurudishia pale Bibi alipofumua.

"Binamu, usinisahau kwenye shukrani," Apisai alisema.

"Wewe utashukuriwa kwa nazi."

Bibi alimvuta mjukuu wake karibu.

"Sikiliza, mama. Maumbo yakifanana na kila upande ukiwa mara mbili, mzingo nao ni mara mbili, ingawa nafasi ya ndani ni mara nne. Kwa hiyo kabla hujajibu, jua kwanza unapima nini. Kukosea si aibu. Ungenyamaza kwa kuogopa kuchekwa, leo ningekuwa na mkeka usio na matamvua, na mjukuu nisiyeweza kumwamini. Mkeka ningesuka mwingine."