Uchambuzi wa Sehemu ya Kumi na Saba

Jumamosi hiyo Soko Kuu la Songea lilikuwa limefurika hadi barabarani. Bodaboda walipenya katikati ya matenga ya nyanya huku wakipiga honi, na nyuma ya maduka ya vitenge, kwenye kibanda cha kurushia muvi, watu walikuwa wamepanga foleni, kila mmoja na flashi yake mkononi. Isidori, mwalimu wa fizikia katika sekondari moja ya mjini, alisimama mbele kabisa. Shati lake jeupe lilikuwa limepigwa pasi hadi likakakamaa.

"Nataka katuni ya zamani, ya Kijapani," alimwambia Saimon, mwenye kibanda. "Mnara wa Zohali."

Saimon akacheka. "Mwalimu, hiyo ni ya enzi za kanda. Nani anaitazama siku hizi?"

"Mimi naitazama," ilisema sauti nyuma yake.

Isidori akageuka. Dada mmoja alikuwa amesimama pale, amevaa dera la kijani na mtandio wa zambarau, flashi yake ikining'inia shingoni kwa uzi mwekundu. Macho yake yalikuwa makubwa na yenye utani.

"Uliionea wapi?" Isidori alimuuliza.

"Tunduru, kwenye banda la video. Nilikuwa darasa la tano. Nilimlilia yule nahodha siku mbili, aliposhindwa kumwokoa mpwa wake."

"Mpwa? Yule ni mwanawe."

"Mpwa wake, kaka. Mtafsiri wetu alisema wazi kabisa."

"Wetu wa hapa mtaani Lizaboni alisema mwanawe."

Wakatazamana, kisha wote wawili wakaangua kicheko. Walielewa kwa pamoja kwamba wale watafsiri wa mabandani hawakujua Kijapani hata neno moja, na kwamba kila mmoja wao alikuwa amekua na hadithi yake, iliyotungwa na mtu mwenye kipaza sauti na soda mkononi. Saimon aliwarushia sehemu zote ishirini na sita, safari hii zikiwa na maandishi chini. Dada yule alijitambulisha kuwa anaitwa Zuhura, mtaalamu wa maabara katika zahanati moja ya Songea. Walipofika barabarani walikuwa wameshapeana namba.

Jioni ile ile simu ya Isidori ikaita.

"Mwalimu, umeshaanza?"

"Nasahihisha madaftari."

"Madaftari hayakimbii. Nahodha si baba wala mjomba. Ni jirani tu."

"Zuhura, usinisimulie!"

"Basi fungua tutazame wote. Mimi nimesimamisha pale mnara unapoonekana kwa mara ya kwanza."

Hivyo ndivyo walivyoanza. Katuni yenyewe ilichorwa kwa mkono miaka mingi iliyopita. Ilihusu watu sita wanaoishi kwenye mnara unaoizunguka sayari ya Zohali, kazi yao ikiwa kupokea salamu za wasafiri wa mbali na kuzifikisha duniani kwa ndugu zao. Isidori alipenda hesabu za mizunguko yake. Zuhura alipenda watu wake. Kila Jumapili mchana, Isidori akishatoka kanisani, walikutana mtaa wa Bombambili, barazani kwa Hilda, shangazi aliyemlea Isidori. Walitazama sehemu moja, halafu wakarekodi uchambuzi wao kwa simu na kuurusha kwenye chaneli ya WhatsApp. Mwanzoni wasikilizaji walikuwa wanafunzi wa Isidori na wafanyakazi wenzake Zuhura. Baada ya miezi mitatu walifika elfu mbili, wa Mbinga, wa Njombe, hata wa Dar.

Watu walipenda ubishi wao. Isidori angeeleza kwa nini chombo kile kisingeweza kugeuka kwa kasi ile, na Zuhura angemkata kauli: "Mpenzi, mtu anakufa, wewe unapima kona." Neno lile mpenzi lilimponyoka kwenye sehemu ya tisa, likaenda hewani hivyo hivyo. Shangazi Hilda, aliyekuwa akimenya viazi pembeni, aliinua macho, akatabasamu, akaendelea kumenya.

"Umelifuta?" Zuhura aliuliza kwa simu usiku wake.

"Nimelisikiliza mara nane."

"Kichaa wewe."

"Na wasikilizaji wanauliza harusi lini. Niwajibu nini?"

"Waambie mama yangu yuko Namasakata, kule Tunduru, na njia ya kufika ipo. Ila waambie pia ni mtu wa swala tano, na wewe ni mtu wa misa. Ukienda uende na maneno."

"Nitakwenda nayo."

Alikuwa amekusudia kweli. Alikwisha kumdokezea shangazi, naye hakukataa. Alisema tu kwamba mambo ya dini yanazungumzika watu wakikaa chini.

Kisha ikafika sehemu ya kumi na saba.

Ndani yake mpokea salamu mmoja wa mnara anagundua kwamba askari fulani amekufa, lakini mama wa askari huyo anaendelea kumwandikia mwanawe. Kwa huruma, yule mpokea salamu anaanza kumjibu kwa jina la marehemu. Picha zilipokwisha, mtandio ulikuwa umemdondokea Zuhura mabegani naye hajauokota.

"Zu, vipi?"

"Siwezi kuichambua hii."

Shangazi alikuwa amekwenda sokoni. Zuhura alisema taratibu, akiangalia vidole vyake. Kaka yake Abuu alikwenda kwenye machimbo ya vito Msumbiji. Mwaka uliopita shimo liliwafukia watatu, naye akiwemo. Mwenzake mmoja ndiye aliyempigia Zuhura, kwa kuwa namba yake ndiyo iliyokuwa kwenye daftari la marehemu. Wakati huo mama yake, Bi Mwamvua, alikuwa ametoka kulazwa kwa shinikizo la damu, na daktari alikataza apewe habari ya kumshtua. Zuhura akasubiri wiki. Wiki ikawa mwezi. Mama akawa anauliza mbona Abuu kimya, ndipo Zuhura akanunua laini nyingine, akaandika: Mama, huku mtandao wa kupiga haushiki, nitakuwa naandika. Tangu siku hiyo aliandika kila Ijumaa.

"Mama anampelekea jirani amsomee," alisema. "Halafu ananipigia mimi, ananiambia kaka yako anakusalimu. Nitamwambia, Isidori. Namtafutia siku. Nataka nimwambie mwenyewe, nimemshika mkono. Usimwambie mtu, hata shangazi."

"Nimwambie nani mimi?"

"Hii sehemu tuiruke."

"Wasikilizaji wanaisubiri. Nitaifanya peke yangu. Nitazungumzia michoro na muziki tu."

Zuhura alimtazama kidogo. "Michoro na muziki," akasema.

Alianza na michoro kweli. Alirekodi Jumatatu baada ya vipindi, kwenye maabara ya shule. Alizungumza kuhusu rangi, kuhusu filimbi ile inayolia mama anapoandika. Lakini maneno yalikuwa makavu, naye mwenyewe alilisikia hilo. Ndani yake kulikuwa na kitu chenye uzito kuliko filimbi, na sauti yake ikakielekea yenyewe kama maji yanavyofuata mtaro. Akasema anamfahamu dada mmoja, mtu wa Tunduru, anayefanya kazi ya maabara, ambaye kaka yake alifukiwa machimboni Msumbiji, na ambaye kila Ijumaa humwandikia mama yake kwa jina la marehemu. Hakutaja jina. Alizungumza vizuri kuliko alivyowahi kuzungumza maishani, hata mwenyewe machozi yakamlenga. Akarusha.

Ndani ya siku mbili uchambuzi ule ulisikilizwa na watu wengi kuliko zote kumi na sita zilizotangulia. Watu waliusambaza kwenye makundi ya familia, ya kwaya, ya misikiti. Isidori alitembea mjini kifua mbele.

Alhamisi asubuhi Zuhura alipiga.

"Umesema."

"Zu, ulisikia mwisho wake? Watu wanalia. Kuna mama kutoka Mbinga ameandika kwamba..."

"Mama yangu amesikia."

Isidori akaiweka chaki mezani.

"Alikuwa kwa jirani wanachambua korosho. Mtu akaifungulia simuni waburudike. Wanawake kumi na wawili, Isidori. Wakamgeukia wote kwa pamoja."

Hapo kulikuwa na maneno mengi ambayo angeweza kuyasema. Aliyoyasema ni haya: "Lakini sikutaja jina."

Kwa miezi mingi baadaye aliijutia sentensi ile kuliko uchambuzi wenyewe. Upande wa pili alisikia pumzi tu, kisha simu ikakatwa. Alipopiga tena, haikuita. Alikwenda zahanati, akaambiwa dada Zuhura ameondoka na basi la asubuhi. Aliufuta uchambuzi, lakini ulikwisha kuwa kwenye simu za watu, na cha kwenye simu za watu hakifutiki. Wiki ya pili akaifunga chaneli nzima. Baada ya miezi miwili Saimon alimwambia amesikia Zuhura amepata kazi hospitali ya misheni Mbesa, awe karibu na mama yake.

Miezi saba ilipita. Isidori aliandika barua nne na kuzichana zote. Siku moja shangazi Hilda alimkuta ameinamia ya tano.

"Baba, unamwandikia nani?"

"Zuhura."

"Uliyemkosea ni Zuhura peke yake?"

Isidori akaikunja ile karatasi.

"Una mama wa watu kule Namasakata. Makosa ya mdomo hayaendi kwa karatasi. Nenda na miguu yako."

Alipanda basi la alfajiri, na saa tano alikuwa Tunduru. Kutoka hapo alichukua bodaboda hadi Namasakata, vumbi jekundu likimganda kwenye shati, mikorosho ikiwa imejipanga pande zote. Nyumba ilikuwa ya matofali ya kuchoma, yenye ua uliofagiwa. Bi Mwamvua alikuwa amekaa kwenye mkeka, kanga imefungwa kichwani, akipepeta mchele. Alikuwa mwembamba, mwenye macho makubwa kama ya binti yake.

"Hodi. Shikamoo, mama."

Ungo ulisimama. Hakuitikia marahaba. 

"Sema tena."

"Shikamoo, mama."

"Ni wewe," alisema. "Hiyo ndiyo sauti."

Isidori alipiga magoti kwenye mchanga. Maneno aliyoyatunga njia nzima yalimpotea. "Ni mimi, mama. Nimekuja kuomba radhi. Sina la kujitetea."

Bi Mwamvua aliweka ungo chini.

"Mtoto wangu alikuwa amekufa. Hilo si lako, ni la Mungu, na lazima ningelijua. Zuhura alinidanganya kwa mapenzi, nimekwisha kumsamehe. Lakini mwanangu, mtu anapofiwa hukaliwa na wenzake, hushikwa, huambiwa taratibu. Mimi niliambiwa na sauti ya mtu nisiyemjua, yenye raha ya kusema. Nilisikia ile raha. Ndiyo iliyoniuma."

Isidori alilia, na hakuna aliyemzuia. Alipotulia, bibi yule alimsukumia kata ya maji.

"Kunywa. Umetoka mbali. Mimi nimekusamehe, tangu leo. Tulimsomea Abuu khitma, amepumzika. Zuhura anakuja mchana, mzungumze."

Zuhura alifika saa nane kwa pikipiki, sare nyeupe ya kazi chini ya mtandio mweusi. Alimkuta Isidori anambebea mama yake ndoo. Hakushtuka. Wakaenda kukaa kwenye kizingiti cha jiko, mama akiwaona kwa mbali.

"Umekonda, mwalimu."

"Nimechelewa kuja."

"Umekuja. Nilidhani hutakuja."

"Zu, nilikosa. Na siku ile nilivyokujibu, nilikosa zaidi. Nilikuwa nimejipanga kuja hapa na wazee, na bado nataka. Ukisema nisubiri mwaka, nitasubiri. Ukisema niende kwa sheikh nikae naye, nitakaa."

Zuhura aliokota punje ya mchele iliyodondoka, akaizungusha kwenye vidole.

"Sikuchukii. Miezi mitatu ya kwanza nilikuchukia, ikaisha yenyewe. Hata nakukumbuka. Wiki iliyopita mgonjwa mmoja alinichekesha, nikashika simu nikupigie nikusimulie." Akaitupa ile punje. "Halafu nikajiuliza, hiki nikimwambia atakipeleka wapi. Kitu kidogo tu cha kuchekesha, Isidori. Nikairudisha simu mfukoni."

"Sitarudia tena maishani."

"Najua hutarudia. Lakini mimi nitakuwa napima kila neno kabla ya kukuambia. Mke wa namna hiyo utamfanyia nini? Na mimi nitaishije?"

Isidori aliinuka, akamwendea Bi Mwamvua, akamuaga. 

Zuhura alimsindikiza hadi njia panda, wakiwa wameachana hatua moja. Bodaboda ilipofika Isidori aliuliza, "Nikikupigia, utapokea?"

"Piga siku za sikukuu. Krismasi yenu na Idi yetu. Nitapokea."

Akampa mkono. Ulikuwa wa baridi, umelainika kwa sabuni za maabara, naye Isidori aliuachia kabla hajataka kuuachia.

Sasa ni mwaka wa tatu. Krismasi ikifika, baada ya misa, Isidori hutoka barazani na kupiga. Zuhura hupokea mlio wa pili, kama alivyoahidi, na sauti yake huwa ya upole. Humuuliza habari za shangazi. Humwambia kwamba mama hajambo, mvua imenyesha, mikorosho imechanua vizuri mwaka huu. Isidori husikiliza kila neno na kusubiri litakalofuata.

"Haya, mwalimu," Zuhura husema. "Wasalimie wote huko Songea."

"Zimefika," Isidori hujibu.