Saa za Nyuki Wadogo

"Shoga, hebu niambie: mdudu asiyeuma, asiyevunwa, asiyefugika, unamwamkia wa nini kila siku ya Mungu?"

Swali hilo Bi Kazija alimuuliza Mize Shaame zamani kidogo, juu ya ukuta unaogawa nyua zao, ungo wa mchele mkononi. Mize alicheka tu. Hakuwa na jibu fupi, na Bi Kazija si mtu wa kungoja jibu refu.

Tena siku hizo nani angemsikiliza mtu wa nyuki? Mji wa Wete ulikuwa na vichavushi. Ikifika saa nne asubuhi, Mzinga Mkuu, mnara mweupe usio na dirisha hata moja, ulifungua midomo yake juu kabisa, navyo vikatoka. Kichavushi kimoja si kikubwa kuliko punje ya mpunga, kina mabawa mawili ya utando na tumbo lenye vinyweleo vya kunata, na nguvu zake huzipata kwenye mwanga. Ukivitazama kwa pamoja utasema ni moshi, ila moshi huu ulijua uendako. Ulishuka kwenye mashamba ya ghorofa, yale yaliyojengwa sakafu juu ya sakafu kwa kuwa ardhi ya kisiwa haikutosha tena, ukagawanyika kwenye maboga, matikiti, matango na mapesheni. Kila kichavushi kiliingia katika ua dume, kikajipaka chavua, kikaruka hadi ua jike. Wakati huo hakuna binadamu aliyeruhusiwa kuingia shambani, maana ukivuta pumzi unaweza kukimeza kimoja. Ikifika adhuhuri, moshi ulirudi mnarani na watu wakaendelea na kazi.

Na watu walivipenda. Wangeachaje kuvipenda? Kabla yake nyuki walikwisha kisiwani kama chumvi inavyokwisha chomboni, mtu hakumbuki kijiko cha mwisho kilikuwa lini. Dawa za mashambani, joto, na maradhi yaliyokuja na mizinga ya kigeni, vyote vilichangia. Maboga yalitunga yakaanguka yangali madogo kama ndimu. Wanawake walipanda ngazi na unyoya wa kuku, wakapaka chavua ua kwa ua, shingo zimekunjwa tangu asubuhi. Shingo ya Bi Kazija haijanyooka mpaka leo. Vichavushi vilipokuja ilisomwa dua mji mzima, na Mize naye aliitikia Alhamdulillahi, wala hakuitikia kwa mdomo mtupu.

Mize alikuwa mtafiti wa wadudu, mwanamke wa makamo, mwembamba, mpole wa maneno. Alikuwa amekizunguka kisiwa kizima, na visiwa vidogo vinavyokizunguka, akitafuta nyuki wa asili waliobaki. Alipata kiota kimoja. Kilikuwa ndani ya ukuta wa mawe wa kisima kikuukuu, chini ya mashamba ya ghorofa: nyuki weusi, wadogo kuliko sisimizi wa sukari, wasio na mwiba. Mlango wao ni kijibomba cha nta kilichotokeza ukutani, chembamba kama mrija wa kunywea soda. Asubuhi walikifungua, na jioni wakakiziba kwa nta mpya. Mize akishaswali alfajiri alikwenda na kigoda chake, akakaa akawatazama wakitoka.

Vichavushi vyenyewe vilisomeshwa na hao wadogo. Hili watu walikuwa wamelisahau. Kichavushi hakinusi wala hakionji, hakijui ua lililo tayari na lisilo tayari. Aliyeitafuta njia alikuwa Mbarouk Faki, mhandisi wa Mzinga Mkuu, ambaye skuli alisomeshwa na Mize. Walibandika vinong'onezi, chembe ndogo kuliko vumbi la unga, migongoni mwa nyuki wa kisimani. Kila kinong'onezi kilisema nyuki wake amekwenda wapi, saa ngapi, ameingia ua lipi na ameliacha lipi. Akili mnemba ya Mzinga Mkuu ikakusanya minong'ono hiyo misimu kadhaa mpaka ikajua. Mize alikubali kwa ahadi moja: asubuhi iwe ya nyuki, na vichavushi vitoke saa nne. Ua la boga hufunguka alfajiri na hujifunga mchana. Likishachavushwa hunyauka mapema zaidi. Anayetangulia ndiye anayekula.

Ahadi ilishikwa vizuri, mpaka mwishoni mwa Shaabani mmoja.

Alasiri hiyo Sheha Makame aliwaita wenye mashamba uwanjani kwake. Mize alipewa kiti cha mbele. Alipoona amepewa kiti cha mbele, moyo wake ukamwambia pana jambo.

"Bi Mize," Sheha alianza, "tumekuita kwa heshima. Mfungo huo unabisha hodi. Watu wataswali tarawehe, watakula daku, wataswali alfajiri, ndipo wapate usingizi. Wakiamka saa nne waende mashambani, vichavushi vimeshatangulia. Wangoje mpaka adhuhuri, waingie kazini na jua la utosi, na mtu amefunga. Mwaka jana wawili walianguka. Tunaomba vitoke alfajiri, watu wakiwa wamelala. Mwezi mmoja tu, mwalimu wetu."

"Mwezi mmoja kwetu ni mwezi," Mize alisema. "Kwa wale ni umri. Nyuki mmoja haishi sana zaidi ya hapo. Na watoto wao hulishwa chavua. Akiba yao masika imeimaliza, na msituni maua sasa ni machache, nimewatazama. Wakikosa maua mwezi mzima, hawa wazee watakufa na hakutakuwa na wa kuwarithi."

"Basi nao wafunge, Bi Mize!" sauti ilitoka nyuma. "Wapate thawabu!"

Watu wakacheka. Mize naye tabasamu lilimtoka bila ya kutaka.

"Futari yao ataipika nani?" Bi Kazija akadakia. "Mimi uji wa nyuki siujui."

"Jamani, tusifanye mzaha," alisema Mbarouk, aliyekaa pembeni na kioo-mkono chake juu ya goti. Hakumtazama Mize usoni. "Mwalimu, mimi mwenyewe sikulipenda hili. Lakini Mzinga ni wa wenye mashamba. Wao wakitaka saa igeuzwe, mimi hugeuza. Sina mamlaka ya kukataa."

"Basi niachieni shamba moja," Mize alisema. "Moja tu, ghorofa ya chini, karibu na kisima. Vichavushi vilipite. Bustani ya nyumbani kwangu nimeshaitoa, lakini ina mashina manne, haiwatoshi."

Hapo watu walitikisa vichwa kwa kukubali, na Mize akapata matumaini. Shamba moja si kitu, walisema. Ni haki kabisa, viumbe wa Mungu hao. Mzee Khatibu akasema la Bi Fatuma ndilo lililo karibu zaidi. Bi Fatuma akasema lake lina matikiti ya harusi ya mwanawe, ila la Mzee Khatibu lina kivuli na nyuki hupenda kivuli. Mwenye matango akamtaja mwenye mapesheni, na mwenye mapesheni akamtaja Sheha. Kila mtu aliridhia shamba moja liachwe, na kila mtu aliridhia liwe la jirani yake. Adhana ya magharibi ikawakuta hapo hapo. Wakainuka kwenda kuswali, wakimpa Mize mkono mmoja mmoja, na kumwambia Mungu atajaalia.

Njiani kurudi, Mize alimtafuta mtu wa kumkasirikia. Hakumpata. Angekuwapo mbaya mmoja katika jambo lile, angeshukuru.

Mwezi ukaandama. Asubuhi ya kwanza ya mfungo, Mize alikaa kwenye kigoda chake. Mji ulikuwa umelala, hata majogoo walikuwa kama wamekula daku. Nyuki wadogo walifungua mlango wao, wakatoka. Juu yao, katika mwanga wa kijivu, ule moshi ulikuwa umeshashuka tayari. Nyuki waliruka mpaka kwenye maboga, wakakuta ua baada ya ua limeguswa na limeanza kujikunja. Walirudi na miguu mitupu. Mtu asiyejua asingeona lolote. Mize alijua ule uvimbe mdogo wa manjano unaokaa kwenye miguu ya nyuma ya nyuki aliyepata, na hakuuona hata kwa mmoja.

Alifanya alichoweza. Alitia maji ya sukari kwenye kisahani, wakanywa. Lakini sukari hushibisha wakubwa tu. Alikusanya chavua ya bustani yake, akaiweka karibu na mlango wao, wakaipita. Alikwenda Mzinga Mkuu kumwomba Mbarouk chavua inayobaki kwenye vinyweleo vya vichavushi.

"Tunaiosha kwa dawa, mwalimu, ili isioze," Mbarouk alisema. "Ukiwapa hiyo utawaua mwenyewe."

"Basi gawa asubuhi mafungu mawili. Nusu saa tu ya mwanzo uwaachie."

"Nimejaribu. Akili mnemba inapanga safari kwa maua yaliyofunguka. Nikiikatia nusu saa inaniuliza sababu, nikiandika sababu inaipeleka kwa wenye mashamba, nao wamekwisha kukataa mara mbili. Wanasema walikubali shamba, hawakukubali saa."

"Na shamba je?"

Mbarouk alikuna kichwa. "Shamba bado wanazungumza."

Siku zikaenda. Katika kundi la nyuki wale, wachanga hutambulikana kwa rangi, huwa kama chai ya maziwa kabla hawajawa weusi. Mize alizoea kuwaona wakichungulia mlangoni kama watoto wanaokatazwa kutoka. Kufika katikati ya mwezi hakuwaona tena. Waliobaki ni weusi, mabawa yamechanika ncha kama ukili mkavu. Kufika kumi la mwisho, mlango ulianza kuachwa wazi jioni. Hapakuwa na mikono ya kuuziba.

Siku hizo Bi Kazija alimletea futari kisimani, sahani imefunikwa kwa kawa.

"Shoga, adhana imeshatoka, wewe bado unakodolea ukuta. Kula. Hata nyuki hawataki ufe."

Mize alikula tende. Bi Kazija akakaa naye kwenye ukingo wa kisima, akatazama kile kijibomba kwa muda.

"Mbona kimya hivi?" aliuliza kwa sauti ya chini.

"Wamebaki wachache."

"Nikitoa shamba langu sasa, itafaa?"

Mize alimtazama shoga yake. Alitaka kumwambia ndiyo, kwa kuwa Bi Kazija alikuwa ameliuliza kwa moyo. "Malkia ameshaacha kutaga, Kazija," alisema. "Haitafaa kitu."

Bi Kazija alitikisa kichwa. Akafunika sahani, akafunua, akafunika tena.

Katika sijda za mwezi ule Mize aliona haya. Wenzake waliomba watoto, siha, na kusamehewa wazazi wao waliotangulia. Yeye aombe wadudu? Lakini aliomba. Aliomba kwa kuwa hapakuwa na mlango mwingine wa kubisha. Jibu halikuja, au lilikuja kwa namna asiyoijua, naye hakuthubutu kusema ni lipi kati ya hayo.

Idi ikaingia na furaha yake. Mavuno ya namna ile yalikuwa hayajapata kuonekana. Maboga yalining'inia ghorofani kama ngoma. Jioni, Mbarouk alikuja kumpa Mize mkono wa Idi, kanzu mpya, marashi, kopo la halua kwapani. Alikunywa kahawa, akasifu tambi, akauliza hali mara mbili. Mize akajua amekuja na neno.

"Mwalimu," alisema mwishowe, "msitu haukuzaa mwaka huu."

"Najua."

"Watu wa maji wanasema miti inayoikinga chemchemi ya mji inakufa mmoja mmoja na hakuna miche inayoota chini yake. Wameomba vichavushi vipelekwe huko. Nimevipeleka. Vinazunguka tu, mwalimu, vinarudi vitupu. Maua ya msitu ni madogo, yamejificha, mengine hufunguka siku moja. Hatukuyafundisha, kwa kuwa hakuna aliyeyahitaji." Aliweka kikombe chini. "Wanaoyajua ni wale wadogo wako tu, tunataka kuwatia vinong'onezi upya. Msimu mmoja tu watuongoze. Na safari hii asubuhi zote ni zao, nimepewa kwa maandishi."

Mize alijitanda mtandio, akatoka, na Mbarouk akamfuata hadi kwenye uwanja wa kisima uliozungushiwa ukuta mfupi. Akamwonesha kile kijibomba cha nta.

Mbarouk aliinama, akatega sikio kwenye jiwe.

"Watakuwa wamelala."

"Wanaolala hufunga mlango. Kivunje ncha. Wakiwapo, watakuja kukitengeneza."

Alikivunja kwa ncha ya kidole. Nta ilikuwa kavu, ikawa unga. Walisimama wakangoja. Kutoka mjini zilisikika kelele za watoto na baruti za Idi. Hakuna aliyetoka ukutani.

"Kiota kingine?" Mbarouk aliuliza.

"Kiko wapi, baba? Wewe ndiye mwenye ramani."

Alitoa kioo-mkono, akakiwasha. Kisiwa kizima kikatokea, cheusi, na nukta moja ya kijani ikimeta mahali waliposimama.

"Hapa panaonesha kizima," alisema, kama mtu anayeomba.

"Hiyo ni alama ya zamani. Panaonesha ukuta tu."

Aliizima ramani. "Tutatengeneza vichavushi vya msitu. Vidogo zaidi. Tuna mafundi, tuna..."

"Vitajifunza kwa nani?" Mize aliuliza. Hakuuliza kwa hasira. Alitaka kweli kujua kama yupo.

Mbarouk alijifuta unga wa nta kwenye kanzu yake mpya, ukaacha alama. Akageuka, akapita kwenye kijilango cha ukuta mfupi, akaenda zake.