Nilijua Kilichomuua Mke Wangu

Ndugu zangu wasomaji, nina miaka arobaini na mmoja, seremala wa Mkumbi, Mbinga. Ninayoyaandika hapa, ukoo wangu hautaki kuyasikia…

Mashine ya kukereza miguu ya vitanda niliiunda mwenyewe kwa vyuma chakavu na mota kuukuu. Fundi umeme aliyenifungia swichi alinionya: "Kaka, chimbia nondo ya shaba, ufunge waya wa ethi kutoka kwenye mota. Umeme ukivuja upite huko, usipite kwa mtu."

Nikaitikia. Alipoondoka nikawasha, mashine ikazunguka vizuri. Waya wa nini tena? Nikaacha!

Mke wangu Devota ndiye aliyekuwa akifagia maranda. Mara mbili aliniambia, "Baba Neema, mashine yako inaniuma vidole." Nikacheka! Nikamwambia avae kandambili.

Siku moja mvua ilimkuta kwenye shamba la kahawa. Akarudi pekupeku, amelowa chapachapa, akaja kuniita nikale. Mashine ilikuwa ikinguruma, akainama aniambie sikioni, akashika chuma cha mashine… Hakuweza kukiachia. Nilipozima, alianguka. Hakuamka tena.

Msibani watu wakaanza kunong'ona kwamba amerogwa. Wiki ile Devota alikuwa amegombana na shangazi yangu Kolumba kwa ajili ya mpaka wa shamba la maharage. Shangazi huyu ndiye aliyenilea mama yangu alipofariki. Baba mdogo akauliza mbele ya wote, "Mbona mashine imemuua mke, mwenye mashine ni mzima?"

Jibu nilikuwa nalo! Mimi nilivaa viatu vya mpira, nikasimama juu ya ubao. Yeye alikuwa pekupeku kwenye udongo uliolowa. Lakini ningesema, wakwe zangu wangenitazamaje?

"Sijui," nikasema.

Shangazi akaniangalia. "Mwanangu, sema basi."

Nikainamisha kichwa… Siku hiyo hiyo ukoo ulimtolea shangazi vyombo nje. Akateremka ziwani, Lundo, kwa binti yake.

Baada ya mazishi nilichimbia nondo, nikafunga waya. Kazi haikufika hata nusu saa! Nusu saa, jamani!

Nilivumilia miezi minane, nikashindwa. Nikauita ukoo, nikaeleza yote. Baba mdogo akatikisa kichwa. "Maskini, yule mama ameshakufunga na wewe akili."

Nikashuka Lundo. Nilimkuta shangazi anaanika usipa. Nikamwamkia shikamoo, akaitikia. Nikapiga magoti, nikakiri.

"Ulijua siku ile ile?"

"Nilijua, shangazi."

Akaendelea kuanika samaki wake mpaka nikaondoka. Mwaka haukuisha, akafariki. Kutoka Mkumbi nilikwenda kuzika peke yangu.

Binti yangu Neema sasa ana miaka kumi na minne. Nimemwambia ukweli zaidi ya mara tatu. Kila mara ananijibu, "Baba, unamtetea aliyemuua mama." Nitamlaumu vipi? Mimi ndiye niliyenyamaza alipokuwa mdogo, wengine wakamfundisha.

Wewe uliyejiundia msumeno au kinoo cha umeme nyumbani, nakusihi: mashine ikikutekenya vidole, izime leo, umwite fundi, ufunge ethi. Usimcheke mkeo! Na kama kosa ni lako, liseme msibani, watu wote wakiwepo. Mimi nalisema mpaka leo… hakuna anayeniamini.