Futi Moja na Nusu za Bi Haas

Haya nimeyapata kwa Lorna Haas mwenyewe, mwaka juzi mwezi wa kumi na moja, siku tuliyokaa kliniki ya macho tangu asubuhi mpaka adhuhuri. Tulikuwa tumetiwa matone, hatuoni hata kusoma gazeti. Akanishika mkono akasema, "Nikwambie jambo, lakini usinihukumu kabla sijamaliza." Sikumhukumu. Mengine niliongezewa na Colette, binti wa jirani yake Mzee Kaz, maana mkate wangu wa Jumamosi nanunua kwake. Nayaandika kama nilivyoyasikia.

Yalianzia ofisi ya ujenzi ya mji wetu wa Brannock, Jumatatu moja ya Februari. Theluji imegeuka tope, watu wamejaa mpaka mlangoni, kila mmoja na karatasi ya namba mkononi. Colette Dubiel alikuwa ametoka zamu ya usiku kule bekari. Alivaa koti jekundu la baba yake lililompwaya mabegani, na unga ulikuwa bado kwenye nyusi. Nyuma yake alisimama mwanamume mrefu, buti zimejaa tope, amebana kwapani bomba refu la ramani. Bomba likamgonga Colette kisogoni.

"Samahani, dada."

"Hiyo ni mara ya pili, kaka. Ya tatu nakushtaki."

"Mashtaka ni dirisha la nne. Na foleni yake ndefu kuliko hii."

Colette akacheka bila kutaka. Siku zile alikuwa hajacheka muda mrefu.

Mwanamume aliitwa Wendell Stroup, mpima ardhi, umri miaka arobaini na moja, hajaoa. Akachungulia fomu ya Colette, tabia mbaya, lakini ndiyo kazi yake.

"Unaomba njia ya gari kando ya nyumba?"

"Naomba. Kanuni inasema ikae futi tano kutoka mpaka wa jirani. Mimi nikiijenga zinabaki mbili. Basi naomba wanisamehe hizo tatu."

"Na hapa penye 'eleza dhiki yako' umeandika habari za baba yako."

"Amepigwa na kiharusi. Yuko nyumba ya wagonjwa tangu Novemba. Mbele kwetu kuna ngazi kumi na moja. Hawamruhusu kurudi mpaka gari la kiti cha magurudumu liweze kufika mlango wa ubavuni. Sasa hiyo si dhiki?"

"Ni dhiki. Lakini kamati haipimi dhiki ya mtu. Inapima dhiki ya kiwanja."

"Kiwanja kimepooza?"

"Dada, sikiliza. Wanasema mtu ataondoka siku moja, njia itabaki. Kwa hiyo uwaeleze mteremko, mwamba, upana wa kiwanja. Baba yako usimtaje."

Colette akamtazama toka buti mpaka kofia. "Wanawake wote unaongea nao hivi?"

"Mara nyingi naongea na mawe."

Ikaitwa namba yake. Alipotoka dirishani, Wendell alikuwa bado yuko, ameshika kadi yenye namba ya simu. "Watakudai ramani iliyopimwa," akasema. "Mimi napima."

Wiki ileile akaja na mashine yake ya miguu mitatu. Colette akamtolea kahawa na maandazi ya jemu, yale tunayoyakaanga kabla ya Kwaresima. Alikula matano. Toka hapo simu zikaanza. Colette hutoka kazini saa kumi na mbili asubuhi, saa ambayo Wendell anaamka.

"Umeamka, mvivu?"

"Nimeamka, mpenzi. Unanukia nini leo?"

"Mdalasini. Na jasho."

"Nije ninuse?"

"Njoo Jumapili, unipeleke kwa baba. Ukitaka kunusa, kanuse dawa za hospitali kwanza, tuone kama una moyo."

Alikuwa nao. Jumapili alivaa shati la bluu lililopigwa pasi na kukaa karibu na kitanda cha Mzee Kaz. Mzee alikuwa fundi wa kinu cha chuma, mikono kama koleo, na sasa nusu ya mdomo haifanyi kazi. Maneno yaliyombakia yalikuwa machache, na alilolipenda lilikuwa moja. Kila Jumapili alimtazama binti yake akauliza:

"Lini?"

"Karibuni, baba."

Kwenye gari Colette akalia, na Wendell akamwacha alie. Kisha akamfuta uso kwa kiganja chake kikavu, na siku hiyo ndiyo walibusiana mara ya kwanza, kwenye maegesho ya nyumba ya wagonjwa, kioo kimejaa ukungu.

Mwezi Machi barafu ilipoyeyuka, Wendell alirudi kutafuta vyuma vya mpaka, zile bikoni. Ya nyuma aliipata upesi. Ya mbele ilimchukua asubuhi nzima, na alipoipata haikuwa chini ya uzio walipodhani wote. Ilikuwa ndani, upande wa akina Dubiel. Alipima mara tatu. Futi moja na nusu ya ardhi waliyoiita yao ilikuwa ya jirani, Bi Lorna Haas.

"Maana yake nini?" Colette akauliza.

"Maana yake njia haitabakisha futi mbili kutoka mpaka. Itabakisha nusu futi."

"Basi chora uzio. Uzio upo miaka hamsini."

"Siwezi. Naweka muhuri wangu pale."

"Futi moja na nusu, Wendell! Nani atajua?"

"Chuma kipo pale, mpenzi. Yeyote mwenye koleo atajua."

"Usiniite mpenzi. Baba anakufa kitandani na wewe unaniletea habari za chuma."

Akamfungulia mlango. Wendell akatoka, ameacha kahawa nusu kikombe.

Sasa mjue kwamba Bi Haas na Mzee Kaz walikuwa hawajasalimiana miaka kumi na moja. Ugomvi wao ulikuwa wa theluji: Kaz alikuwa na mashine ya kuipuliza, na baridi moja akaipulizia yote mlangoni kwa mjane huyo. Kaz akasema upepo. Bi Haas akasema makusudi. Bi Haas aliniambia, "Mpaka leo sijui. Labda ulikuwa upepo."

Siku tatu baada ya kumfukuza Wendell, Colette akirudi kutoka kazini akamwona barazani kwa Bi Haas, wameinamia karatasi, wanakunywa kahawa. Akajua, au alidhani amejua, kwamba Wendell ameenda kumwambia yule mama habari ya futi zake, amchochee apinge. Bi Haas akainua mkono kusalimu. Colette akapita kama hajamwona, akaifunga simu yake isipokee namba ya Wendell tena.

Kumbe karatasi ile ilikuwa kitu kingine kabisa. Wendell alikuwa akisema, "Mama, ukimuuzia Colette ukanda wa futi tano, mpaka unasogea, na haombi msamaha wa mtu yeyote. Maua yako ya zambarau yabaki palepale. Nyumba yako iko mbali, haidhuriki."

"Na yeye mbona hakuja kuniomba?"

"Anaona aibu, mama. Na mimi hanisikilizi."

"Aje mwenyewe," akasema Bi Haas. "Akija kuniomba kwa mdomo wake, nasaini. Kalamu hii hapa."

Ndipo Colette akapita, na mkono wa Bi Haas ukabaki hewani. "Nilikuwa na kalamu mkononi," aliniambia kule kliniki, machozi na matone vimechanganyika. "Nikairudisha kwenye droo. Nilisema moyoni, kumbe ni mtoto wa baba yake kweli."

Kikao cha wazi kilikaa Aprili, Alhamisi saa moja jioni, ukumbi wa manispaa. Majirani wote walikuwa wamepata barua, na bango la manjano lilikuwa limesimama uani kwa Dubiel wiki mbili. Watano wa kamati walikaa mbele. Kila msemaji ana dakika tatu, zikiisha kengele inalia.

Colette alivaa gauni jeusi la kanisani. Alikuwa ameandika ya mteremko na mwamba, yote aliyofundishwa. Lakini aliposimama aliiona saa ikianza kuhesabu, akaikunja karatasi. Akawaeleza juu ya baba. Jinsi alivyofanya kazi kwenye kinu miaka thelathini na nane, jinsi anavyouliza "Lini?" kila Jumapili. Watu nyuma walifuta macho. Kengele ikalia akiwa katikati ya sentensi.

Mwenyekiti akasema kwa upole, "Pole sana, Bi Dubiel. Je, una lolote kuhusu kiwanja chenyewe?"

"Kiwanja?" Alikuwa amesahau kabisa karatasi iliyomo mkononi.

"Kuna mwingine wa kumsemea?"

Nyuma kiti kikakwaruza sakafu. Wendell akasimama, amevaa tai yake pekee, bomba la ramani kwapani. Mteremko wote alikuwa nao mle, futi kwa futi.

"Naitwa Wendell Stroup, mimi ndiye..."

"Huyu hanisemei," Colette akasema. "Mwambieni akae."

Sheria ni kwamba mwombaji ndiye mwenye shauri lake. Wendell akatazama buti zake, akakaa.

Kisha akasimama Bi Haas. Alisema maneno manne tu: "Mpaka ni mpaka. Napinga." Hakutumia hata nusu dakika.

Wanne wakakataa, mmoja akakubali. Na ombi likikataliwa, huwezi kulirudisha mpaka mwaka upite.

Jumapili Colette alienda peke yake. Mzee alikuwa amekonda, shavu limeingia ndani. "Lini?" akauliza. Colette akamlisha uji wa tufaha kwa kijiko.

Jumatatu asubuhi akakuta Bi Haas amesimama kwenye ngazi zake za mbele, amechoka, ameshikilia reli. Mwanamke wa miaka sabini na nane, kitambaa kichwani, slipa miguuni, na baridi ile.

"Ngazi zako mbaya," akasema.

"Kumi na moja, mama. Umekuja kuzihesabu?"

"Nimekuja unitukane. Ukimaliza nisaini hii."

Akatoa ile karatasi, akaeleza yote: baraza, kahawa, kalamu, droo, na lile "Lini?" lililomnyima usingizi tangu ukumbini. Colette alisoma jina la Wendell chini, na tarehe. Ilikuwa siku ileile aliyoifunga simu yake.

"Kwa nini hukusema kule ukumbini?"

"Na wewe mbona hukunisalimu?"

Kisha Colette akamshika mkono akampandisha ngazi zilizobaki, akamkalisha jikoni, na Bi Haas akasaini juu ya kitambaa cha meza chenye makombo.

Kisha Colette akampigia Wendell. Simu iliita mara moja tu.

"Nipo," Wendell akasema.

"Hujui hata nataka kusema nini."

"Sema, basi."

"Nilikutukana mbele ya watu."

"Hukunitukana. Ulisema nikae. Nilikaa."

"Wendell, usiniondolee kosa. Niache nilibebe."

"Haya, libebe. Lakini una mikono miwili. Nipe upande mmoja."

Akaja kabla ya saa tatu, na vigingi vyake.

Lakini hati ina mwendo wake. Kuandikisha mpaka mpya kulichukua wiki tano, mwamba kuvunjwa siku nne. Zege lilimwagwa Alhamisi ya mwisho ya Mei. Wendell alilisawazisha mwenyewe pamoja na mafundi, amepiga magoti, na Bi Haas akaleta maji ya limau yenye barafu kupitia palipokuwa na uzio. Fundi akasema gari lisipite siku saba, la sivyo zege litapasuka. Nyumba ya wagonjwa wakapewa tarehe: Ijumaa ya wiki inayofuata.

Jumapili Colette aliingia chumbani anakimbia. "Baba! Ijumaa! Umenisikia? Ijumaa hii!"

Mzee Kaz akamkazia macho. Nusu ya mdomo ikainuka. Hakuuliza kitu.

Alifariki Jumanne alfajiri, Colette akiwa kazini, mikono ndani ya unga. Zege lilikuwa la siku tano.

Kwetu jeneza likielekea makaburini hupitishwa kwanza mbele ya nyumba ya marehemu, gari linapunguza mwendo, kisha linaendelea. Ijumaa msafara ulipofika mtaa ule, Colette akamgusa dereva bega.

"Usipite. Ingia."

"Wapi, dada?"

"Hapo. Njia ni yetu."

Gari la maiti likaingia taratibu, la kwanza kukanyaga zege lile, likasimama sawasawa na mlango wa ubavuni. Bi Haas alitazama kutoka dirisha lake la jikoni. Aliona Colette akishuka, akifungua ule mlango mpaka mwisho, akiubana kwa tofali usijifunge. Akarudi akaweka kiganja kwenye kioo cha gari.

"Leo, baba," akasema. "Ulikuwa unauliza lini. Leo."

Wakakaa pale dakika tatu hivi. Hapakuwa na kengele. Kisha gari likarudi nyuma likaenda.

Saa tisa watu walikuwa wameshakula na kuondoka. Bi Haas alijilaza na nguo zake za msiba. Colette, ambaye hajafumba jicho tangu Jumanne, alikaa kwenye kochi na viatu mguuni. Wendell akavivua.

"Nilitaka kukuuliza jambo mwezi huu," akasema. "Nilikuwa nimepanga nimuulize mzee kwanza."

"Usiniulize leo."

"Siulizi."

"Niulize nikiamka. Utakuwepo?"

"Nitakuwepo, mpenzi. Lala."

Akalala. Wendell akatundika blanketi dirishani kuzuia jua, akaosha vikombe vyote, akafunga mlango wa ubavuni polepole. Mwisho akakaa kwenye kiti cha Mzee Kaz, mikono magotini, akimlinda, mpaka kichwa kikamwangukia kifuani, naye akalala.