Sababu: Hali ya Hewa

Mashine ya kutolea nakala ilikwama saa nne asubuhi, foleni ikiwa imefika mlangoni, na watu wakaanza kumlaumu mwenye duka kana kwamba ndiye aliyezitafuna karatasi. Karani alikuwa wa pili kwenye foleni. Wa kwanza alikuwa mwanamke aliyevaa gauni la kijivu, limemkaa vizuri bila kumbana popote, na mkononi amefunga kijimto kilichochomekwa pini, ambacho bila shaka alikuwa amesahau kukivua.

"Dada, unatoka kazini au unatoka vitani?" karani alimuuliza.

Mwanamke akautazama mkono wake, akacheka. "Nisogelee ndiyo utajua."

Mwenye duka alivuta kwa nguvu, karatasi zikatawanyika sakafuni. Karani akainama kumwokotea yule dada zake. Ya juu ilikuwa tiketi ya ndege ya shirika lake mwenyewe, ofisi ile iliyo ng'ambo ya barabara, na tarehe yake aliijua. Alibaki ameishika.

"Kaka, hiyo ni yangu."

"Samahani. Unadai fidia?"

"Nadai ukweli. Hiyo fidia wakitaka wabaki nayo."

Hapo ndipo alipopaswa kusema. Duka lilikuwa limejaa mashahidi na mwanamke alikuwa hamjui hata kwa salamu. Badala yake alijitia uchangamfu. "Njoo dirisha namba nne. Ulizia karani mwenye tai mbaya kuliko wote."

Alikuja baada ya nusu saa, akaitazama ile tai ya mistari ya zambarau, akatikisa kichwa. "Hukunidanganya," alisema.

Alikuwa fundi cherehani, mshonaji wa nguo za maharusi. Miezi mitano iliyopita mama yake alilazwa mahututi katika mji wa nyumbani kwao, akamwita. Ndege ilikuwa ya saa tatu asubuhi, na angefika saa tano. Alikaa uwanjani kutwa nzima, akaletewa maji na mkate na ujumbe kwamba safari imefutwa kwa sababu ya hali ya hewa. Mama alifariki saa kumi jioni akiuliza kama mlango umegongwa.

"Kaka yangu alitoka nje akaangalia juu. Jua linawaka," fundi alisema, taratibu, kwa sauti ya mtu aliyekwisha kulisema mara nyingi. "Akampigia rafiki yake wa huku. Huku nako jua linawaka. Basi, nikawa mwongo. Wanasema nilibaki kumalizia gauni la mteja. Baba hajapokea simu yangu mpaka leo. Shangazi peke yake ndiye anayenipokelea, tena akiwa jikoni. Nataka karatasi moja tu inayosema ndege ilikuwa na nini, nimpelekee baba."

Ndege haikuwa na kitu. Ilikodishwa ghafla asubuhi ile na kundi la wageni wenye pesa zao, na abiria themanini na wawili wakaachwa ukumbini. Kwa kosa kama hilo shirika hulipa kila kichwa, lakini kwa mvua na ukungu halilipi hata shilingi. "Andika hali ya hewa," Bosi alimwambia karani, na karani akaandika katika daftari la safari, kwa mkono wake mwenyewe, kisha akaenda kunywa chai.

Aliipokea fomu ya fundi, akaigonga mhuri. Wiki mbili baadaye jibu lilitoka: dai limekataliwa. Lingeweza kwenda kwa posta, lakini alilipeleka mwenyewe, akijiambia anakwenda kumpunguzia makali. Wengi wameanza kudanganya kwa kujiambia hivyo.

Karakana ya fundi ilikuwa chumba kimoja chenye dirisha kubwa la barabarani, meza ndefu ya kukatia, cherehani mbili, na magauni meupe yaliyoning'inia kwenye mifuko ya nailoni. Fundi aliisoma barua, akaikunja, akasema, "Hali ya hewa tena." Halafu akamtazama karani aliyesimama pale anatoka jasho. "Keti, Bwana Mhuri. Na hiyo tai ivue, inanitia uchungu wa kazi."

Aliikata mbele ya macho yake, akaishona upya. Mapenzi yao yalianzia hapo, kwenye tai.

Siku zilizofuata simu haikukauka, hata ofisini, mpaka Bosi akaanza kumtania karani kuhusu fundi wake. Fundi alianzisha utani ambao mwanzoni ulikuwa na uchungu ndani yake, baadaye ukabaki utani.

"Haloo, Bwana Mhuri. Habari ya hali ya hewa huko?"

"Mawingu matupu, Sindano wangu. Sijakuona tangu jana."

"We nawe! Jana saa kumi na mbili jioni ndiyo tangu?"

"Mtu aliyezama maji huwa anahesabu dakika."

"Haya, njoo uokolewe. Lakini uje na mkate."

Na kila alipokwenda alimwachia kijikaratasi juu ya cherehani. *Hali ya hewa leo: jua, kwa sababu umecheka.* Siku nyingine: *Hali ya hewa leo: upepo, umenipita bila kunitazama.* Fundi alivichomeka ukutani kwa pini, kimoja baada ya kingine, mpaka vikafika tisa. Alimpenda waziwazi. Kwenye simu alimtajia shangazi jina lake lote, la kwanza na la ukoo, akiringa kama msichana.

Karani naye alipenda mpaka akaogopa. Mara mbili alifungua mdomo aseme, mara mbili fundi akambusu, na ukweli ukarudi tumboni. Alipomgusia Bosi kwamba kuna dai moja linamkosesha usingizi, Bosi hakuinua hata macho. "Bwana mdogo, tuko vizuri hapa. Usinichafulie hali ya hewa."

Fundi aliposikia kwamba mtu anaweza kukata rufaa kwenye mamlaka ya usafiri wa anga, karani alimjazia fomu, kila kisanduku, kwa ufundi wake wote. Kukataa kungezua maswali. Isitoshe, alijua mamlaka huletewa muhtasari uliopigwa chapa, usio na mwandiko wa mtu. Miaka kumi na moja ilikuwa hivyo. Safari hii mamlaka ilitaka daftari lenyewe, na ikamtumia mdai nakala.

Simu ilikuja saa nane mchana.

"Njoo."

"Habari ya hali ya hewa, mpen—"

"Njoo tu."

Alimkuta amesimama kwenye meza ya kukatia. Nakala ya daftari ilikuwa katikati, na vile vijikaratasi tisa vimepangwa kuizunguka.

"Soma," fundi alisema.

"Sindano..."

"Soma kwa sauti."

Akasoma. "Sababu: hali ya hewa."

"Soma na hiki."

"Hali ya hewa leo: jua, kwa sababu..." Hakuweza kumaliza. Hakukuwa na haja. Herufi ya kwanza ya neno hali ilikuwa ileile, h yenye mkia uliojikunja kama ndoano, mara kumi juu ya meza moja.

"Nashona mwaka wa kumi na nne huu," fundi alisema. "Mkono wa fundi naujua hata ukiwa ndani ya bitana. Ulijua lini kwamba ni mimi?"

"Pale kwenye mashine ya nakala."

Fundi akakaa. Alikuwa amejitayarisha kwa majibu mengi, si hilo. "Kabla hata hujaniuliza naitwa nani."

"Nilitaka kukuambia. Nilichelewa."

"Ndege ndiyo inayochelewa. Wewe ulikuwa unakuja hapa kila siku." Machozi yalikuwa yanamtoka naye hakuyafuta. "Mama aliuliza kama mlango umegongwa. Nilikulilia hilo kifuani, ukanipapasa nywele."

Karani alilia pia, na haikusaidia kitu.

"Niandikie," hatimaye fundi alisema. "Ukweli wote, na jina lako, na mhuri. Nikimfikishia baba, nitajua nikufanye nini."

Aliandika barua kesho yake asubuhi, kwa h zake za ndoano: wageni, kukodishwa kwa ndege, amri, na mkono ulioandika uongo kuwa ni wake. Akaigonga mhuri, akapeleka nakala kwa mamlaka na nyingine kwa Bosi. Kabla ya chakula cha mchana alikuwa mtaani na boksi lenye kikombe na kalenda. "Nilikuambia," ndilo neno pekee alilopewa. Hakujuta. Alitembea mpaka karakana akiwa mwepesi, akamkabidhi fundi barua, na fundi akaisoma yote, akamshika mkono kwa mara ya kwanza tangu siku ile.

"Nakwenda kwa basi," alisema. "Ndege zenu sizitaki. Baba akinipokea, nikirudi tutaongea, mimi na wewe."

Karani akaishi siku nne kwa neno hilo, *tutaongea*. Simu ilipolia, mazoea yakamponza.

"Habari ya hali ya hewa?"

Fundi akasema, "Kaka aliisoma barua mbele ya wote. Umeandika vizuri sana. Baba alikuwa anaitikia kwa kichwa, nikaona uso wake unalainika, wallahi nilimwona. Halafu kaka akafika kwenye jina."

"Jina lina nini?"

"Shangazi akashangilia. Hakuwa na nia mbaya, maskini. Akasema, kumbe ndiye huyu mkwe wetu!" Pumzi yake ikakatika. "Kaka akacheka. Akasema mchumba wako angekuandikia hata kwamba ndege ilizaa mapacha."

"Na baba?"

"Alinirudishia barua. Akaingia ndani, akafunga mlango."

"Bado kuna mamlaka, Sindano. Mamlaka wata—"

"Wameshanijibu. Bosi wako amewaambia shahidi ni bwana wangu, ndiyo maana amefukuzwa. Wamefunga faili."

Karani aliketi kitandani. "Rudi. Tutatafuta njia."

"Njia ipi? Kwao, ili nisiwe mwongo, wewe ungepaswa kuwa si wangu. Na hata tukiachana leo, ulishakuwa." Hakuwa na hasira tena, na hilo lilimtisha karani kuliko kelele. "Ungeniandikia siku ile dukani, hunijui, sikujui, ingekuwa ushahidi. Sasa ni barua ya mapenzi tu."

"Unanipenda?"

"Ndiyo. Kwangu usije tena."

Karani alipata kazi kwenye ghala la vifaa vya ujenzi, kuhesabu mabomba. Alizunguka njia nyingine miezi miwili, kisha mchana mmoja miguu ikampeleka yenyewe. Alisimama ng'ambo ya barabara. Ndani ya dirisha kubwa fundi alikuwa ameinama juu ya gauni jeupe, kijimto cha pini mkononi, simu mezani imelala kifudifudi. Ukutani juu ya cherehani vile vijikaratasi tisa vilikuwa vimerudishwa mahali pake. Mwisho wa safu, imechomekwa kwa pini kama vingine, ilikuwepo karatasi ya kumi, kubwa kuliko zote, yenye mhuri.

Fundi hakuinua kichwa. Karani alisubiri magari yapite, yalipopita akageuka, akarudi kazini.